Shajara ya mradi: kiangazi kimoja cha kupanda na kuzunguka Uluguru kutokea Morogoro mjini

28 Juni 2025: Mpango, bajeti na vifaa

Morogoro huitwa mji kasoro bahari, na mwanafunzi anayekuja kusoma hapa hulisikia jina hilo kabla hajashusha begi lake Msamvu. Ajabu ni kwamba wengi wetu humaliza miaka mitatu au minne Sokoine, Mzumbe au katika vyuo vingine vya mji huu tukiwa tumeutazama mlima kila asubuhi kupitia dirishani, na hatujaupanda hata mara moja. Mimi nimekuwa mmoja wao hadi leo. Likizo ndefu imeanza, kazi ya kuingiza takwimu niliyoipata inanishika Jumatatu hadi Ijumaa tu, na kila Jumamosi na Jumapili hadi mwisho wa Septemba iko wazi. Kwa hiyo tumeamua, watu watatu, kuutumia msimu huu wa kiangazi kutembea, na kuandika kila hatua ili wanafunzi watakaobaki mjini mwakani wapate pa kuanzia.

Watatu hao ni mimi, mwenzangu wa chumbani, na binamu yangu anayesoma Dar es Salaam, ambaye atakuwa akija kwa treni ya SGR. Nauli yake ya shilingi 13,000 kwa safari moja ya daraja la kawaida anailipa mwenyewe na haimo katika hesabu za mradi. Kila mmoja ametoa shilingi 100,000, hivyo mfuko una shilingi 300,000.

Tumepanga safari tano: Morningside, kilele cha Lupanga, Kinole upande wa mashariki wa milima, Mgeta upande wa magharibi, na mwisho maporomoko ya Sanje katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Mpangilio wa ugumu tumeufanya kwa kuangalia kilomita katika ramani ya simu. Lupanga, kwa mfano, inaonekana kuwa kilomita sita tu kutoka pembeni mwa mji, nasi tumeiandikia saa mbili na nusu za kupanda. (Nimeuacha mstari huu kama ulivyo ili msomaji auone ujinga wetu ulivyokuwa mwanzoni.)

Vifaa vilivyonunuliwa ni turubai la mita nne kwa tano kwa shilingi 35,000, kamba ya mita 20 kwa 6,000, tochi mbili za kuvaa kichwani kwa 16,000, na begi moja la mgongoni la mitumba kwa 22,000 baada ya kuvutana bei kwa muda mrefu. Jumla ni shilingi 79,000. Hema hatukununua, kwa kuwa tuliona kiangazi hakina mvua na turubai lingetosha kuzuia umande.

12 Julai 2025: Morningside

Safari hii ilikwenda vizuri, na pengine ndiyo sababu haikutufundisha kitu. Njia inapita juu ya ofisi za mkoa, inaufuata mto Morogoro, kisha inapanda katikati ya mashamba ya mahindi, migomba na mboga hadi kwenye nyumba chakavu ya enzi za Wajerumani iliyoko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,300. Upepo pale juu ni wa baridi kiasi cha mtu kutamani sweta saa sita mchana, huku mji chini ukiwa umejaa vumbi na joto.

Jambo moja tulilipuuza. Tulikuwa tumekadiria saa moja na nusu za kupanda, tukatumia saa tatu na dakika kumi. Tulijiambia kwamba tumechelewa kwa sababu ya kupiga picha na kusalimiana na watu njiani, tukaiacha hesabu ilivyo. Gharama ilikuwa shilingi 9,000 za chakula na maji.

19 Julai 2025: Lupanga, jaribio la kwanza lililoshindikana

Msitu wa juu wa milima hii ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, yenye zaidi ya hekta 24,000, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya hadhi hiyo mwaka 2008 na kusimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Kuingia kunahitaji kibali, nacho tulikilipia, shilingi 15,000 kwa watu watatu. Tulishauriwa pia tuchukue mwongozaji, tukakataa ili kuokoa pesa. Nalitaja kosa hili kwanza kwa sababu ndilo lililozaa mengine.

Tuliondoka saa tatu asubuhi. Hadi mpaka wa msitu njia ilikuwa wazi, ingawa mteremko ulikuwa mkali kuliko wa Morningside. Ndani ya msitu mambo yalibadilika: njia ikawa ngazi ya mizizi, udongo ukawa mlaini na wenye kuteleza, na katika sehemu mbili tulipanda kwa mikono kama watoto wanaopanda mwembe. Kila mmoja alibeba lita moja na nusu ya maji, na ilipofika saa saba mchana chupa zote zilikuwa tupu. Saa nane kamili simu ilisoma mwinuko wa mita 1,800. Kilele cha Lupanga kiko juu zaidi ya mita 2,100. Tukageuka.

Kushuka nako kulitushinda kwa namna yake, kwa sababu magoti yanayotetemeka hayana haraka. Giza lilitukuta tukiwa tumetoka msituni lakini bado tuko juu ya mashamba, na tochi ya pili ilikuwa imebaki chumbani juu ya kitanda. Binamu yangu, aliyekuwa nyuma bila mwanga, alikata kona kupitia kichakani. Baada ya hatua kumi hivi alianza kupiga kelele na kujikuna shingo, mikono na mapaja kwa pamoja. Alikuwa amepita kwenye upupu.

Kwa asiyeujua, upupu ni mtambaazi ambao maganda yake hukauka wakati wa kiangazi yakiwa yamefunikwa na manyoya laini ya rangi ya dhahabu, na mguso mdogo au upepo tu hutosha kuyarusha. Kosa letu la pili usiku ule lilikuwa kumsugua kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya mfereji, jambo lililoyasambaza manyoya hadi mahali ambapo hayakuwapo.

Tulibisha hodi kwenye nyumba ya kwanza tuliyoiona yenye moto. Alikuwamo bibi mmoja akimenya magimbi.

“Shikamoo Bibi.”

“Marahaba, wajukuu zangu. Mnatoka wapi usiku huu?”

“Lupanga, Bibi.”

“Mmefika?”

“Hatujafika.”

“Basi hamjatoka Lupanga.”

Kisha akaacha kucheka, akamkalisha binamu yangu kwenye kigoda, akaponda udongo wa mfinyanzi kwa maji kidogo ukawa tope zito, akampaka mahali pote palipowasha. Tope lilipokauka alilibandua vipande vipande, nayo manyoya yakatoka yamenatia ndani yake. Nilikishika kipande kimoja karibu na moto nikayaona yamesimama kama sindano za dhahabu. Alirudia mara tatu. Nguo alizovaa binamu yangu, Bibi alituamuru tuzifunge kwenye mfuko peke yake, zisichanganywe na nyingine hadi zifuliwe.

Wakati kazi hiyo ikiendelea aliingia mdogo wake, mkulima mwenye mashamba pale na kwao Kinole, ambaye huuza ndizi Soko Kuu la Chifu Kingalu. Mwenzangu wa chumbani alimtambua papo hapo kuwa ndiye anayemuuzia ndizi. Tangu usiku huo sote tunamwita Mjomba, naye anatuita wajomba vilevile. Kwa Waluguru, ambao ukoo na ardhi hufuata upande wa mama, jina hilo si la mzaha.

Gharama ya siku: shilingi 27,000, yaani kibali na chakula.

23 Julai 2025: Kuirekebisha hesabu

Jumatano jioni nilikaa na karatasi. Kosa letu kubwa lilikuwa kuupima mlima kwa kilomita. Kuna kanuni ya zamani ya wapanda milima, iliyotolewa na Mskoti William Naismith mwaka 1892, inayosema kwamba mtu hutembea kilomita tano kwa saa, na kila mita 600 za kupanda huongeza saa moja nyingine. Niliijaribu kwa safari zetu mbili.

Morningside ni kilomita tano na nusu na kupanda mita 750: kanuni inatoa saa mbili na dakika 21, sisi tulitumia saa tatu na dakika kumi. Lupanga hadi pale tulipogeukia ni kilomita nne na kupanda mita 1,200: kanuni inatoa saa mbili na dakika 48, sisi tulitumia saa tano kamili. Hii ina maana kwamba kwenye njia za mashambani tunapaswa kuzidisha jibu la kanuni kwa 1.4 hivi, na ndani ya msitu kwa 1.8. Naismith alikuwa na milima ya Uskoti akilini, si mizizi yenye kuteleza ya Uluguru, wala hakuwa na binamu anayevaa raba zilizokwisha soli.

Anayetaka kuiga hesabu hii aangalie mambo mawili. Kwanza, asome mistari ya kontua, yaani ile ya ramani inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, si urefu wa njia. Mahali mistari inapobanana ndipo saa zinapopotelea. Pili, asiuamini mwinuko wa simu akiwa chini ya miti mikubwa, kwa sababu hapo simu hukosea kwa makumi ya mita. Tumezoea sasa kusubiri penye uwazi na kusoma baada ya dakika kadhaa.

Kwa Lupanga nzima, kilomita sita na kupanda mita 1,540, hesabu mpya ilitoa saa sita na dakika 47. Tukilinganisha na saa mbili na nusu tulizoandika tarehe 28 Juni, aibu haihitaji maelezo.

2 Agosti 2025: Lupanga, jaribio la pili

Tuliondoka saa 11:30 alfajiri, kila mmoja na lita tatu za maji, tochi zote mbili zikiwa begini, na Mjomba akiwa mbele. Tulifika kileleni saa sita kamili mchana, yaani baada ya saa sita na nusu. Hesabu ilikuwa imekosea kwa dakika 17.

Juu kabisa miti ni mifupi, imepinda na kuvikwa kuvumwani na ndevu za miti kana kwamba imefunikwa mablanketi yaliyolowa. Hatukuona chochote kwa nusu saa, ukungu mtupu. Kisha wingu lilipasuka na mji ukatokea chini yetu wote kwa mara moja, mabati, reli, na Bwawa la Mindu likimeta upande wa pili. Dakika kumi baadaye pazia likafungwa. Mwenye kutaka kuona ajipe saa nzima pale juu.

Tulichelewa mara moja tu, wakati wa kushuka. Kinyonga mdogo wa kijani alikuwa kwenye kijiti kilichoziba njia kwa usawa wa kifua, na Mjomba, ambaye alikuwa amepita kwenye magogo yaliyooza bila kutazama miguu yake, alisimama akakataa katakata kumpita. Tulingoja dakika kumi na mbili hadi mnyama mwenyewe alipoamua kuhama, hatua moja mbele na nusu nyuma. Milima hii ina vinyonga wasiopatikana kwingine popote duniani, na wanasayansi waliounda jenasi mpya mwaka 2006 waliiita Kinyongia, kwa jina letu hilihili. Nilimweleza Mjomba habari hiyo. Alisema ni vizuri, ila jina halimpunguzii mtu hofu.

Gharama: kibali 15,000, posho ya Mjomba 25,000, chakula na maji 14,000, jumla shilingi 54,000. Ni mara mbili ya gharama ya jaribio la kwanza, lakini safari hii tulifika.

16 na 17 Agosti 2025: Kinole na mvua ya kiangazi

Mjomba alitukaribisha kwao Kinole, upande wa mashariki, ambako ndiko makao ya ukoo wa Chifu Kingalu aliyepewa heshima ya jina la soko. Tulipanda gari la abiria asubuhi kupitia Mkuyuni, barabara ikijipinda katikati ya minazi, mananasi, migomba na mikarafuu, na mchana tukatembea hadi kwenye maporomoko ya maji. Hadi hapo kila kitu kilikwenda kwa mpango. Alitupatia nafasi ya kulala ndani. Sisi, kwa ubishi wa watu waliokwisha kufika Lupanga, tukasema tutalala shambani chini ya turubai letu, maana ni kiangazi.

Tulifunga kamba kati ya migomba miwili, tukatandaza turubai juu yake, pande zote zikiwa wazi kwa ajili ya hewa. Mvua ilianza kama saa nne usiku. Haikuwa manyunyu. Makosa yalijitokeza kwa utaratibu, moja likimwita jingine. Mgomba si mti: ndani ni maji matupu, kwa hiyo kamba ilipolowa na kuvutwa na uzito, fundo lilizama ndani ya shina kama kisu kwenye papai, kamba ikalegea, na katikati ya turubai pakawa beseni. Beseni lilipojaa, pembe ya kushoto ilipasuka kwenye tundu lake la chuma, na maji yote yakatua juu ya mwenzangu wa chumbani. Simu yangu, iliyokuwa kwenye kiatu “mahali pakavu”, ilikutwa asubuhi ikielea.

Saa sita usiku tulikuwa tukibisha hodi kwa mara ya pili katika mradi huu. Mjomba alifungua mlango bila kuuliza, kuni zilikuwa zimeshapangwa.

“Mjomba, si tulisema huu ni msimu wa kiangazi?” binamu yangu alilalamika akikamua fulana yake.

“Kiangazi kiko mjini kwenu.”

Binamu yangu akasema basi mvua hii ni ya hasara tu, haina mtu wa kuitumia. Mjomba akamtazama. “Unatoka Dar? Ndiyo hii mnayokunywa huko.”

Alikuwa na haki kwa yote mawili, nami nilipaswa kulijua hilo kabla ya kufunga begi. Kati ya Mei na Septemba huvuma kusi, upepo unaokuja na unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Uluguru ni miongoni mwa milima ya kwanza mikubwa unayokutana nayo baada ya pwani. Hewa inalazimika kupanda, inapoa, na kumwaga maji upande wa mashariki. Inaposhukia upande wa mjini imekwisha kukauka. Ndiyo maana sehemu za juu za mashariki hupita milimita 2,500 za mvua kwa mwaka na hunyeshewa karibu miezi yote, wakati Morogoro mjini hupata kiasi cha 900 na kuwa na kiangazi cha kweli cha vumbi. Mito ya upande ule huingia Ruvu, na mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ndiyo inayoilisha Dar es Salaam. Ratiba yetu yote tulikuwa tumeiandika kwa kalenda ya mji mmoja ulio upande mmoja wa mlima.

Marekebisho tuliyojifunza asubuhi yake, Mjomba akisimamia, ni haya. Kamba ifungwe kwenye mti wa mbao au kwenye nguzo iliyochimbiwa, kamwe si kwenye mgomba. Upande unaotazama upepo ushushwe hadi chini kabisa, na ule mwingine uinuliwe kidogo tu, ili maji yasipate mahali pa kutulia. Tundu la pembe likipasuka, weka gunzi la mahindi ndani ya pembe ya turubai, kunja turubai juu yake, kisha funga kamba kwenye shingo yake nje. Kadiri kamba inavyovutwa ndivyo gunzi linavyokaza. Tulilijaribu gunzi hilo kwa kuning'inia watu wawili. Halikutoka.

Kurudi kulichukua muda mrefu kuliko kwenda, kwa kuwa gari lilikwama mara mbili kwenye utelezi na abiria wote, pamoja na mama mwenye kuku wanne, tulishuka kusukuma.

Gharama: nauli ya watu wanne kwenda na kurudi 40,000, sukari na sabuni kwa wenyeji 11,000, kwani Mjomba alikataa posho akisema hapa si kazini ni nyumbani, simu kwa fundi 25,000 baada ya siku tatu ndani ya mchele kutosaidia chochote. Jumla shilingi 76,000.

30 na 31 Agosti 2025: Mgeta

Kwa kuwa Kinole ilitufundisha kuhusu pande za mlima, upande wa magharibi tulibeba tahadhari zote za mvua, nayo haikunyesha hata tone. Kilichotukuta ni baridi. Usiku wa kwanza Nyandira hatukulala, na asubuhi tulinunua mablanketi mawili ya mitumba kwa shilingi 14,000, ambayo yangekuwa bure kama tungeyachukua ya bwenini.

Kosa jingine lilikuwa la tumbo. Mwenzangu wa chumbani alikuwa ametuahidi plamsi na mafyulisi ya Mgeta tangu Juni, tukaja na mifuko mitupu. Mama muuza mboga aliitazama mifuko ile akasema, “Wanangu, hayo rudini Desemba.” Agosti ni msimu wa kabichi, karoti na njegere, nasi tulirudi na njegere.

Mgeta, pamoja na hayo, ndipo mahali ambapo ningemshauri mgeni aanzie. Njia za miguu ni nyingi, hazina mizizi wala utelezi, na zinapita juu ya mashamba ya ngazi yanayomwagiliwa kwa mifereji midogo inayoshuka kutoka hatua hadi hatua. Ngazi hizo zina historia yake: katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilijaribu kuwalazimisha Waluguru kuchimba matuta milimani kote, na mwaka 1955 upinzani ukazaa ghasia, sehemu nyingi waliyaacha mara tu shinikizo lilipoondoka, lakini hapa, ambako mboga zinalipa, ngazi zinalimwa hadi leo. Tulikunywa pia chai ya maziwa ya mbuzi, wa uzao ulioletwa kutoka Norway katika miaka ya 1980 kupitia Sokoine. Binamu yangu alikunywa vikombe vitatu kabla hajaambiwa ni maziwa ya nini.

Kizidisho cha 1.4 kilitumika siku zote mbili, na kila mara tulifika ndani ya dakika kumi za makadirio. Gharama: nauli 36,000, malazi na chakula 27,000, mablanketi 14,000, jumla shilingi 77,000.

13 Septemba 2025: Mindu badala ya Udzungwa

Mfuko umekwisha. Hadi Mgeta tulikuwa tumetumia shilingi 322,000, hivyo Sanje na maporomoko yake ya mita 170 imefutwa mwaka huu. Lilijitokeza wazo la kwenda angalau hadi Mikumi kwa baiskeli, kwa kuwa barabara kuu inakata hifadhi kwa takribani kilomita 50 na abiria wa mabasi huona twiga na tembo bila kiingilio. Mjomba aliuliza kama tembo naye anajua kwamba sisi hatuna kiingilio. Wazo likafa.

Badala yake tulikodi baiskeli tatu kwa shilingi 15,000, tukaenda Bwawa la Mindu kwa barabara ya Iringa na kurudi jioni. Maji yalikuwa yamerudi nyuma na kuacha ukingo mpana wa tope lililopasuka. Pancha moja ya mwiba, shilingi 2,000, chakula 4,000. Jumla 21,000.

27 Septemba 2025: Hesabu za kufunga

Mradi umetumia shilingi 343,000, yaani 43,000 zaidi ya mfuko. Mimi niliyeleta wazo nimelipa 15,000 za nyongeza, na wenzangu 14,000 kila mmoja. Ukiondoa jaribio la kwanza la Lupanga, simu na mablanketi, ambavyo ni malipo ya makosa yetu, safari hizohizo zingegharimu shilingi 277,000 kwa watu watatu, pamoja na vifaa.

Kwa atakayefuata, ningebadilisha mpangilio: Morningside, kisha Mgeta, kisha Lupanga pamoja na mwongozaji tangu mara ya kwanza, na Kinole mwisho, ukilala ndani ya nyumba unayokaribishwa. Safari zote za juu ziishe kabla ya katikati ya Oktoba, kwa sababu vuli ikianza hata upande wa mji njia za msituni hazipitiki kwa raba. Na ukipita mashambani jioni baki kwenye njia, hata kama kona inaonekana fupi.

Tochi na kamba zimebaki kwa mwenzangu wa chumbani. Begi amelichukua binamu yangu Dar. Turubai liko chini ya kitanda changu, na gunzi la Kinole bado limefungwa kwenye pembe yake ya kushoto, atakayeliazima asilifungue.